Jenereta ya uchochoroni: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Tabata

Nyumba ya kisa hiki ni ya mfano, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho fundi umeme wa Dar es Salaam hajawahi kukikuta. Vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, kiwanja cha mita 15 kwa 25, ukuta wa tofali kuzunguka. Nyuma ya jiko kuna uchochoro wa upana wa mita 1.2 kati ya nyumba na ukuta wa jirani, umeezekwa mabati ili mkaa na nguo visilowe. Humo ndimo ilimokaa jenereta ya petroli ya kilowati 2.2, ya fremu ya wazi, injini ya cc 196. Ilinunuliwa wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023. Mgao ulipoa baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, ila kukatika kwa saa mbili tatu hakukuisha, na jenereta ikabaki kazini.

Iliwekwa uchochoroni kwa sababu tatu, na zote zina mashiko: wezi, mvua, na jirani wa upande wa kulia aliyekuwa amechoka na kelele. Ukuta pande mbili na bati juu vilionekana kama dawa ya yote matatu kwa mpigo. Kosa lilianzia hapo. Waliitafutia mashine mahali pa kujificha kabla ya kuitafutia mahali pa kupumua.

Siku ya tukio umeme ulikatika saa nne usiku. Jenereta ikavutwa kamba, mlango wa jikoni ukafungwa, watu wakalala na mapangaboi yakizunguka. Saa tisa usiku mtoto wa miaka minne akaamka anatapika. Dada yake alilia kichwa. Mama aliposimama, miguu ikalegea. Bibi, aliyelala chumba cha mbele upande wa barabarani, hakuwa na lolote. Walidhani ni chakula, kisha malaria. Asubuhi, zahanati, kipimo cha malaria kilikuwa hasi, hakuna aliyekuwa na homa, na kifaa cha kubana kidoleni kikaonyesha oksijeni asilimia 98. Saa sita mchana wote walikuwa wazima, na watoto walikuwa wanacheza nje.

Kila kitu katika aya hiyo kinaashiria kaboni monoksidi. Wameugua watu kadhaa kwa wakati mmoja, dalili ni za mafua au chakula kibovu lakini homa hakuna, mwenye chumba cha mbali kasalimika, na nafuu imekuja walipotoka nje. Ile asilimia 98 nayo haiondoi shaka hata kidogo. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, na kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Zote huziona nyekundu, kinasoma vizuri, na mgonjwa anarudishwa nyumbani kulekule. Kwa hiyo mtu akifika hospitali katika hali hii, sentensi ya kwanza mdomoni iwe: "Tulikuwa tumewasha jenereta." Tiba ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, sumu iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa saa nne hadi tano. Kwa oksijeni kamili, kwa saa moja hadi moja na nusu.

Watu wetu wanaijua sumu hii kwa jina jingine. Hakuna asiyesikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ikakutwa imekufa. Injini ya jenereta inatoa gesi ileile, tena kwa wingi zaidi, na haina harufu wala rangi. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya mafuta yasiyoungua. Kukosekana kwake hakukuhakikishii chochote.

Moshi ulipitia wapi?

Swali hili linastahili muda, kwa sababu jibu la kwanza la wenye nyumba lilikuwa: "Lakini madirisha tulifunga." Walifunga vioo kweli. Ila nyumba hii, kama nyingi za Pwani, imejengwa ipumue yenyewe. Juu ya kila dirisha na mlango kuna tofali za matundu, zina wavu wa mbu na hazifungwi kamwe. Mlango wa jikoni una mwanya wa sentimita mbili chini. Na pale paa linapokutana na ukuta kuna nafasi inayoingiza hewa darini. Ni ujenzi wa busara kwa joto letu, lakini kwa nyumba yenye jenereta uchochoroni ni njia tatu za sumu, na hakuna hata moja inayozibika kwa kufunga dirisha.

Kipimo kilichotuliza ubishi ni cha ubani. Jenereta ikiwa imezimwa, chetezo kiliwekwa mahali pa mdomo wa ekzosi, usiku, saa zilezile za tukio. Moshi wa ubani ulipanda hadi kwenye bati, ukakosa pa kutokea, ukatambaa chini ya bati mita mbili na nusu, kisha ukanywewa na matundu yaliyo juu ya dirisha la chumba cha watoto. Pangaboi la chumbani lilipowashwa, ukaingia kwa kasi zaidi. Hesabu haina ugumu: eneo lililozungukwa na ukuta pande mbili na bati juu ni chumba, hata kama ncha zake ziko wazi.

Umbali unaotakiwa ni mita 6 au zaidi kutoka mlango, dirisha au tundu lolote, la kwako na la jirani pia, na mdomo wa ekzosi uelekezwe kusiko na nyumba. Kibarazani hapafai. Gereji yenye mlango wazi haifai. Chini ya ngazi hapafai. Kwenye viwanja vya mita 15 kwa 15 kuna nyumba ambazo hazina hata sehemu moja yenye mita 6 za wazi. Nyumba hizo jenereta ya petroli haziiwezi, na ni afadhali fedha hiyo iende kwenye betri tangu mwanzo.

Nyaya

Umeme wa jenereta uliingia ndani kwa waya wenye plagi ya pini tatu kila upande. Plagi moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya jikoni, na nyumba nzima inawaka. Kinga pekee ilikuwa mtu kukumbuka kuzima meinswichi kwanza.

Akisahau siku moja, umeme unatoka nyumbani kupitia mita ya Luku hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haichagui upande: ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230, ikilishwa 230 kutoka chini, inapandisha kuwa maelfu. Fundi wa TANESCO, shirika la umeme, aliye juu ya nguzo, akiamini laini imekufa, ndiye anayepokea. Umeme wa shirika ukirudi wakati huo, mawimbi mawili yasiyolingana yanakutana na waya za ndani ya jenereta zinaungua. Hata meinswichi ikizimwa vizuri, plagi ikichomoka ukutani pini zake za shaba zina volti 230, ziko wazi, na ziko kwenye kimo anachofikia mtoto anayetambaa.

Waya wenyewe ulikuwa wa nyuzi mbili za milimita za mraba 0.75, bila ethi (waya wa ardhi), umeviringishwa kama kamba na kutundikwa msumarini. Waya wa namna hiyo unafaa ampea 6. Jenereta hii inatoa ampea 9.6. Ukiviringishwa, joto halitoki. Plastiki yake ilikuwa imeanza kushikana.

Kilichowekwa badala yake:

Swichi ya chenjiova ya ampea 63, yenye nafasi tatu (shirika, sifuri, jenereta), inayokata layini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa pamoja. Inakaa baada ya meinswichi ya nyumba. Mita na lakiri zake haviguswi. Kwa swichi hii vyanzo viwili haviwezi kukutana hata mtu akiwa na usingizi, kwa kuwa ni chuma kimoja kinachohama. Nje ukutani kuna soketi ya bluu ya ampea 16 yenye pini zilizozama, ambazo ziko upande wa nyumba. Waya unaotoka kwenye jenereta una matundu, hauna pini. Ukichomoka hakuna cha kugusa. Waya ni wa mpira, nyuzi tatu za milimita za mraba 2.5, mita 12, na kwa ampea 9.6 unapoteza volti 2 tu njiani.

Sasa nyutro na ethi, mahali ambapo hata mafundi wazuri huteleza. Jenereta ndogo nyingi hutoka kiwandani nyutro yake ikielea, yaani haijaunganishwa na fremu wala ardhi. Ukiitumia kwa kifaa kimoja si mbaya. Ukiiunganisha na nyumba yenye RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, RCD inakuwa pambo. Layini ikivuja kwenye gamba la chuma la friji, mkondo hauna njia ya kurudi kwenye chanzo kupitia ardhi, RCD haioni tofauti, haikati. Na anayebonyeza kitufe cha kujaribu ataiona inakata vizuri na kuridhika, maana kitufe hicho huvusha mkondo kati ya layini na nyutro ndani ya RCD yenyewe, hakigusi ethi kabisa. Kipimo cha kweli ni mita ya RCD inayopitisha miliampea 30 kwenda ethi, na fundi asiyekuwa nayo aiazime.

Dawa ni kuunganisha nyutro na ethi mara moja tu, upande wa jenereta, ndani ya boksi la soketi ya nje kabla ya RCD, na kupeleka ethi hiyo kwenye fito ya shaba ya mita 1.5 iliyopigiliwa ardhini, kwa waya wa milimita za mraba 6. Isiunganishwe tena kwenye bodi ya swichi za ndani. Hapa ndipo faida ya chenjiova kukata nyutro inapoonekana: nyumba ikirudi kwa TANESCO, muunganisho ule unabaki nje, hauingiliani na wa shirika. Kazi yote hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kabla hajaondoka, meinswichi ikiwa imezimwa, chenjiova ikiwa upande wa jenereta na jenereta inanguruma, apime volti kwenye vituo vya shirika mbele yako. Isomeke sifuri.

Sanduku la bati

Kabla ya kuhamisha mashine kulikuwa na jaribio jingine la kupunguza kelele, nalo linafundisha zaidi ya mafanikio yaliyofuata. Fundi wa kuchomelea alitengeneza sanduku la bati la sentimita 90 kwa 70 kwa 70, akalivisha godoro la sponji ndani, akatoboa tundu mbili za sentimita 10 kwa 10. Kelele ilipungua kweli. Dakika ya 35 injini ikakohoa, ikazima, ikakataa kuwaka kwa nusu saa. Mfuniko wa tangi ulikuwa unapiga mluzi.

Chukua lita moja ya petroli kwa saa, ambayo ndiyo matumizi ya karibu ya injini hii ikiwa na nusu ya mzigo. Ndani yake kuna nishati sawa na kilowati 8.9 kwa saa nzima. Umeme unaopata ni kilowati 1.1. Karibu 3 zinatoka na moshi. Zilizobaki, karibu 5, zinabaki kwenye mapezi ya injini na kwenye waya za jenereta, na zinasubiri upepo wa feni uziondoe. Ni sawa na kuchemsha birika mbili na nusu za umeme ndani ya kabati, bila kupumzika. Ili hewa inayotoka isizidi inayoingia kwa nyuzi 10, zinahitajika mita za ujazo 0.43 kila sekunde. Kwa mwendo wa hewa wa mita 2.5 kwa sekunde, tundu la kuingilia linatakiwa sentimita 40 kwa 43, na la kutokea vivyo hivyo. Lililokuwepo lilikuwa moja ya kumi na saba ya hilo. Petroli kwenye kabureta ikachemka, mvuke ukaziba njia, injini ikafa njaa huku tangi limejaa.

Na tangi lenyewe liko juu ya injini, linatoa mvuke ndani ya sanduku lenye ekzosi ya moto na godoro la sponji linaloshika moto haraka. Sanduku lile lilivunjwa siku ileile, na ilikuwa bahati kwamba injini ilizima mapema. Trei za mayai nazo, ambazo watu hupendekezana, hazizuii sauti ya injini na zinawaka kama karatasi.

Mahali papya

Ilichaguliwa kona ya mbele kushoto, karibu na geti. Kutoka hapo hadi dirisha la sebule ni mita 8, jirani wa kushoto mita 7 na kidogo, jirani wa kulia mita 14. Ubani ulichomwa tena pale kwa siku tatu, asubuhi, jioni na usiku, na utachomwa tena majira yakibadilika, kwa kuwa upepo wa kusi na wa kaskazi haupeleki moshi upande mmoja.

Umbali wenyewe ulifanya kazi kubwa kuliko tofali. Lebo ya mashine inasema desibeli 96 za nguvu ya sauti, ambayo mahali pa wazi ni karibu 71 ukisimama mita 7. Kila umbali ukizidi maradufu, desibeli 6 zinapungua. Jirani wa kulia alikuwa na mashine mita 3.5 kutoka dirishani: 77, na kuta mbili na bati zinazorudisha sauti zikaisukuma juu ya 80. Kwa mita 14 hesabu inampa 65. Sikio husikia desibeli 10 pungufu kama kelele imekatwa nusu, kwa hiyo kabla hata tofali halijalazwa jirani alikuwa amepata nafuu ya kusema asante.

Chini palimwagwa zege la sentimita 10 juu ya mchanga, la mita 1 kwa 1, lisilogusa ukuta wowote. Mtikisiko ndio ule mlio mzito unaousikia ukiweka kichwa kwenye mto, na hausafiri hewani, unasafiri sakafuni. Chini ya miguu ya fremu kuna vipande vya tairi la lori vya sentimita 10 kwa 10, viwili viwili. Ndani ya zege kuna nondo ya milimita 12 iliyokunjwa kama U, na mnyororo unapita hapo na kwenye fremu. Hofu ya wezi imejibiwa na nondo hiyo.

Kisha kuta tatu za tofali za inchi 6, kimo mita 1.5, ndani zikiacha mita 1 kila upande wa mashine, yaani upana mita 2.6 na kina mita 2. Upande wa nne uko wazi kabisa na unatazama geti, ambalo ni la nondo, hewa inapita. Bati la juu limeinuliwa sentimita 60 kutoka kwenye kuta, likiwa na mteremko wa masika. Kuta kwa ndani zimevishwa pamba ya madini ya milimita 50 na kushikwa na wavu wa kuku. Pamba hiyo haiungui. Kibanda cha namna hii hupunguza desibeli 8 hadi 10 kwa walio nyuma ya kuta, na hakizuii hewa hata chembe.

Ekzosi ilirefushwa, na hapa wengi huua injini kwa bomba jembamba. Tundu la ekzosi la asili ni la milimita 25. Bomba lililofuata ni la inchi moja na nusu, chuma cheusi kisichopakwa zinki, kwa sababu zinki haipendi joto lile. Kati yake na mashine kuna kipande cha bomba la kunyumbuka cha sentimita 40, na uzito wote unabebwa na klampu za ukutani. Bomba likining'inia kwenye ekzosi, mtikisiko unakata boliti ndani ya mwezi. Kona ni moja tu, pana. Katikati kuna ekzosi ya pili, ya pikipiki, na mdomo unatokea mita 2.5 juu, umekatwa mshazari dhidi ya mvua, na tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa linatoa maji. Hakuna mbao ndani ya sentimita 15 za bomba. Ekzosi ya asili haikuondolewa.

Ndani ya nyumba, korido ya vyumba vya kulala ilipata king'ora cha kaboni monoksidi cha betri, chenye alama ya EN 50291. Hulia kabla ya dakika 90 kukiwa na sehemu 50 katika milioni, na ndani ya dakika 3 kukiwa na 300. King'ora cha moshi wa moto si kitu hicho na hakiisikii gesi hii. King'ora kikilia, watu watoke kwanza, wazime baadaye, na Zimamoto ni 114.

Bado si kimya

Jumlisha yote, na jirani wa mita 14 anabaki na desibeli hamsini na kitu nje ya dirisha. Mchana hilo linavumilika. Usiku, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unataja 45 nje ya chumba cha kulala. Kwa mashine ya fremu ya wazi inayozunguka mara 3,000 kwa dakika iwe na mzigo au isiwe nao, 45 haifikiki kwa tofali za kawaida. Jenereta za inverta, zinazosawazisha umeme kwa elektroniki, hupunguza mwendo mzigo ukiwa mdogo, na tofauti ni kubwa. Anayenunua leo anunue hiyo. Ila moshi wake ni uleule, na utulivu wake ndio unaowashawishi watu kuisogeza dirishani.

Dawa ya usiku ilipatikana kwa kuuliza ni nini hasa kinachohitaji umeme saa tisa usiku. Friji lisilofunguliwa huhifadhi baridi saa 4 hivi. Friza lililojaa, lisipofunguliwa, hukaa hadi saa 48. Likiwa nusu, 24. Kinachobaki ni mapangaboi mawili ya wati 50, taa tatu za wati 9 na ruta ya wati 10: wati 137. Kwa saa saba ni uniti 0.96, na hasara ya inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ya asilimia 15 inafikisha 1.13. Betri moja ya volti 12, ampea 200, ikitumika nusu tu ili isife mapema, inatoa uniti 1.2. Inatosha, kwa kubana. Ikabanwa zaidi kwa kuzima ruta.

Jenereta sasa inafanya kazi kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda kama huo jioni siku za kukatika kwa muda mrefu, mwisho saa tatu usiku. Inawashwa ikiwa tupu kwa dakika tatu, kisha chenjiova, kisha friza. Friza hutumia wati 150 likitembea, lakini kompresa yake ikianza huvuta mara tano hadi saba ya hapo, kwa hiyo friji hungoja dakika tano. Chaja ya betri hufuata, wati 290, na pampu ya maji ya nusu farasi peke yake, friji na friza zikiwa zimezimwa. Pasi, birika na hita ya kuogea havina nafasi kwenye ratiba hii. Birika la wati 2,000 likiwashwa friza linapoanza, volti zinaporomoka, kompresa inanguruma bila kuzunguka, na waya zake zinaweza kuungua. (Wasomaji wa Arusha au Mbeya wapunguze zaidi: injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na Arusha iko mita 1,400.)

Petroli hutiwa injini ikiwa imepoa, dakika 20 baada ya kuzima, na tangi haliachwi likauke mzigo ukiwa juu, maana injini ikikata pumzi volti hupanda na kushuka kwenye friji. Dumu la akiba, la mafuta na si la maji, limetoka jikoni karibu na mtungi wa gesi na kukaa kivulini nje.

Oili lita 0.6, 10W-30, ilibadilishwa mara ya kwanza kwa saa 20, sasa kila saa 100 au miezi sita. Chujio la hewa kila saa 50, na huku kwenye vumbi mapema zaidi. Plagi ya cheche ya injini mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Kabureta iligandwa na utomvu mara moja, baada ya mashine kukaa miezi mitatu na mafuta ndani. Tangu hapo, ikijulikana haitatumika mwezi mzima, koki ya mafuta inafungwa na injini inaachwa, bila mzigo, imalize yaliyomo kwenye kabureta. Mara moja kila mwezi inawashwa na kupewa friza kwa nusu saa. Siku hiyohiyo kitufe cha king'ora kinabonyezwa, na ubani unachomwa tena penye ekzosi.